Kuwasha tyubu ya wati 8 kwa betri ya volti 12: kujitengenezea osileta ya transista moja

Tyubu ndogo ya wati 8, ile yenye urefu wa milimita 288 inayofungwa ndani ya taa nyingi za dharura za kuchaji, mara nyingi hubaki nzima muda mrefu baada ya bodi yake kuungua, na bado hutupwa pamoja na taa yenyewe. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiwasha tena kwa betri ya volti 12 kwa kutumia transista moja, rezista chache na koili iliyofumwa juu ya fimbo nyeusi ya feraiti, ambayo hupatikana ndani ya redio yoyote ya zamani yenye bendi ya MW. Nimeuchagua muundo huu kwa sababu vifaa vyake vimo kwenye meza ya fundi redio wa kawaida, na kwa sababu sehemu inayoamua kama taa itawaka vizuri au la, yaani koili, hutengenezwa kwa mkono na kumfundisha mtu mambo ambayo bodi ya kiwandani haimfundishi.

Ni haki kusema mapema kwamba anayetaka tu mwanga wa bei nafuu anunue balbu ya LED ya volti 12, kwa kuwa LED ya wati 4 hivi hutoa mwanga unaokaribiana na wa tyubu hii. Zaidi ya hapo, tyubu zina zebaki, na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwezi Novemba 2023 mjini Geneva kwamba utengenezaji na biashara ya kimataifa ya tyubu za mwanga wa kawaida vikome ifikapo mwaka 2027. Kwa hiyo kazi hii inazihusu tyubu ambazo tayari zipo, zikiwemo zile zilizobaki katika mifumo midogo ya sola ya miaka iliyopita, ambayo vijijini Kenya ilitumia sana taa za aina hii za volti 12 kabla LED hazijashuka bei.

Kinachotokea ndani ya tyubu

Ndani ya tyubu mna gesi ya agoni yenye shinikizo dogo pamoja na zebaki kidogo mno. Umeme ukipita ndani ya gesi hiyo, elektroni hugonga chembe za zebaki, nazo hutoa miale ya urujuanimno isiyoonekana, hasa ile yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254. Unga mweupe uliopakwa upande wa ndani wa kioo hupokea miale hiyo na kuigeuza kuwa mwanga tunaouona. Gesi iliyopoa haipitishi umeme, hivyo volti 12 peke yake haziwezi kufanya lolote: kuianzisha tyubu bila kupasha moto nyaya ndogo zilizomo kwenye ncha zake kunahitaji mamia ya volti. Lakini ikishawaka, hali hugeuka kabisa, kwani kadiri umeme unavyozidi kupita ndivyo upinzani wa gesi unavyopungua, na tyubu isiyodhibitiwa hunyonya umeme mpaka kitu kiungue. Katika taa za umeme wa gridi kazi ya kudhibiti hufanywa na choki, yaani koili inayozuia umeme usizidi.

Osileta yetu, yaani sakiti ya transista inayojifungua na kujifunga yenyewe mfululizo, hufanya kazi zote mbili: kuianzisha tyubu na kuidhibiti. Transista huifungulia koili ya kwanza njia ya umeme kwa mikrosekunde chache, sumaku hujengeka ndani ya feraiti, kisha transista hufunga ghafla na nguvu iliyohifadhiwa humwagika kupitia koili ya pili ikiwa na volti nyingi. Kwa kuwa kila mzunguko hubeba kiasi kidogo tu cha nguvu, tyubu haiwezi kuchukua zaidi ya kile inachopewa. Mizunguko hiyo hurudiwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, juu ya kilohezi 20, ambako sikio la binadamu halisikii mlio na ambako tyubu yenyewe hutoa mwanga zaidi kidogo kwa kila wati kuliko inavyofanya kwa hezi 50 za gridi.

Tahadhari kabla ya kugusa kitu

Betri ya volti 12 haikurushi, lakini ncha za koili ya pili zinaweza kufikia volti 700 tyubu ikiwa haijawaka. Umeme wa masafa haya huchoma ngozi kama moto wa sindano, na mshtuko wake unaweza kumfanya mtu aruke na kuangusha tyubu. Ondoa waya wa betri kila unapotaka kurekebisha kitu upande wa tyubu, na usimruhusu mtoto akae karibu na mezani wakati sakiti iko wazi. Usiiwashe kamwe sakiti hii bila tyubu, na usiichomoe tyubu inapowaka, kwa sababu nguvu iliyokosa pa kwenda hurudi kwenye transista na kuipasua. Sakiti hii ni ya betri peke yake. Isiunganishwe kwa namna yoyote na umeme wa gridi.

Vifaa

Transista ni TIP41C, inayohimili volti 100 na amperi 6. Zipo tele madukani, na faida yake ni kwamba inastahimili makosa ya majaribio kuliko transista ndogo ndogo. Ifunge kwenye kipande cha bati la alumini chenye ukubwa wa kiganja hivi ili ipoe, ukikumbuka kwamba mgongo wake wa chuma umeungana na kolekta, mmoja wa miguu yake mitatu, hivyo bati hilo lisiguse chuma kingine chochote cha kasha. Ukiishika maandishi yakikutazama na miguu ikielekea chini, mguu wa kushoto ni beisi, wa kati ni kolekta na wa kulia ni emita.

Utahitaji pia rezista ya omu 470 ya wati 1, rezista ya omu 100 ya nusu wati, rezista ya kuzungusha ya kilo-omu 1, dayodi ya 1N4148, kapasita ya mikrofaradi 100 ya volti 25, kapasita ya nanofaradi 100, na fyuzi ya amperi 2 pamoja na kishikio chake. Nyaya za koili ni za shaba zenye vanishi: wa milimita 0.5 kwa koili ya kwanza, wa 0.3 kwa koili ya mrejesho, ile inayorudisha umeme kidogo kwenye transista ili iendelee kufungua na kufunga, na wa 0.2 kwa koili ya pili. Waya mwembamba unaweza kutolewa kwenye transfoma ndogo iliyoungua, ilimradi vanishi yake haijageuka nyeusi kwa joto. Vanishi iliyoungua hubanduka, na koili iliyofumwa kwa waya huo itapiga shoti ndani kwa ndani bila dalili yoyote ya nje. Fimbo ya feraiti iwe na kipenyo cha milimita 10 na urefu wa sentimita 8 hivi. Ikiwa ni ndefu zaidi, ikwaruze kwa tupa kuizunguka pande zote kisha uivunje kwa mkono ukiwa umeifunga kitambaa, maana feraiti ni ngumu na hukatika kama kigae.

Kufuma koili

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na anayeharakisha hapa atapoteza siku nzima akilaumu transista.

Izungushie fimbo karatasi ngumu mara moja na uishike kwa selotepu, ili waya usigusane na feraiti yenyewe, kwa kuwa kingo zake hukwaruza vanishi. Anza na koili ya pili, ile ya waya wa milimita 0.2 yenye mizunguko 400. Acha mkia wa sentimita 15, ushike kwa selotepu sentimita 1 kutoka mwisho wa fimbo, kisha fuma mizunguko 200 ukienda upande mmoja, kila mzunguko ukilala kando ya mwenzake bila kupanda juu yake. Waya wa unene huu ukifumwa vizuri huchukua karibu sentimita 5 kwa mizunguko hiyo 200. Funika tabaka hilo kwa selotepu mbili za upana wa kutosha kupita kingo zote mbili, kisha rudi ukifuma mizunguko 200 mingine juu yake kwa kuzungusha upande ule ule. Kingo ndipo hatari ilipo: pale tabaka la juu linapokutana na mwanzo wa tabaka la chini, tofauti ya volti kati ya nyaya mbili zilizokaribiana inakuwa kubwa kuliko mahali pengine popote, na waya mmoja ukiteleza ukaingia chini, cheche zitaruka hapo usiku wa kwanza. Vuta waya kwa vidole viwili kwa nguvu ile ile muda wote. Ukikatika, usiuunge katikati ya koili, anza upya.

Funika koili ya pili kwa tabaka tatu za selotepu. Juu yake, katikati ya fimbo, fuma koili ya kwanza kwa waya wa milimita 0.5, mizunguko 50 katika tabaka moja, na utie alama kwenye mkia wa kuanzia, kwa mfano kwa kuupiga fundo. Pembeni yake, kwa kuzungusha upande ule ule hasa, fuma koili ya mrejesho ya mizunguko 12 kwa waya wa milimita 0.3, nayo uipige fundo mwanzoni. Alama hizi mbili ndizo zitakazokuambia baadaye waya upi uende wapi, na bila hizo utabaki kukisia.

Mwisho, kwangua vanishi kwenye ncha zote sita kwa wembe au msasa mpaka shaba ing'ae, uzipake risasi, na upime kwa mita kwenye upande wa omu. Kila koili isomeke kuwa imeungana yenyewe, na kati ya koili moja na nyingine pasiwe na muungano wowote. Ikiwa mita inaonyesha muungano kati ya koili ya pili na koili ya kwanza, selotepu imetobolewa mahali, na ni heri kufumua sasa kuliko baadaye.

Kuunganisha

Unaweza kutumia ubao wenye misumari midogo ya shaba au kipande cha bodi yenye matundu. Jambo la maana ni nyaya za umeme mwingi, yaani zile za betri, koili ya kwanza, kolekta na emita, ziwe fupi na nene.

Waya chanya kutoka betri upite kwanza kwenye fyuzi. Baada ya fyuzi, unganisha kapasita ya mikrofaradi 100 na ile ya nanofaradi 100 kati ya chanya na hasi, karibu kabisa na koili. Mguu hasi wa kapasita kubwa una mstari pembeni, nao uende hasi bila kukosea. Mwanzo wa koili ya kwanza, ule wenye fundo, uende chanya, na mwisho wake uende kwenye kolekta. Emita iende hasi moja kwa moja.

Sasa upande wa mrejesho. Kutoka chanya weka rezista ya omu 470, ikifuatana na rezista ya kuzungusha, mpaka kwenye sehemu moja tutakayoiita kituo. Kutoka kituo hicho weka rezista ya omu 100 kwenda hasi. Mwisho wa koili ya mrejesho, usio na fundo, uunganishwe na kituo, na mwanzo wake wenye fundo uende kwenye beisi. Dayodi ya 1N4148 iwekwe kati ya emita na beisi, upande wenye mstari ukielekea beisi. Kazi yake ni kuilinda beisi dhidi ya volti za kinyume ambazo koili ya mrejesho huzitoa kila transista inapofunga, kwani beisi ya transista ya aina hii huvumilia volti 5 tu za upande huo.

Tyubu ina miguu miwili kila upande. Unganisha miguu miwili ya upande mmoja pamoja, na ya upande wa pili vivyo hivyo, kisha ncha mbili za koili ya pili ziende kila moja upande wake. Hii inamaanisha kwamba hata tyubu ambayo nyaya zake za ndani zimekatika inaweza kuwaka, kwa kuwa hapa hazipashwi moto. Nyuma ya tyubu, kwa umbali wa sentimita 1 au 2, weka ukanda wa bati la alumini kama kioo cha kurudisha mwanga na uuunganishe na hasi. Zaidi ya kuongeza mwanga, ukanda huo huirahisishia tyubu kuanza kuwaka, hasa usiku wa baridi.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Usiunganishe betri moja kwa moja. Weka balbu ya indiketa ya pikipiki, ya volti 12 na wati 10, katika waya chanya kabla ya fyuzi. Kama kuna shoti mahali, balbu hiyo itawaka kwa nguvu zote na kubeba mzigo badala ya transista. Kama kila kitu kiko sawa, itawaka hafifu au isiwake kabisa.

Zungusha rezista ya kilo-omu 1 mpaka mwisho wake wa upinzani mkubwa, washa, kisha irudishe polepole. Mahali fulani njiani tyubu itaanza kuonyesha mwanga wa zambarau kwenye ncha, kisha itajaa mwanga kwa mara moja. Ikiwa balbu ya indiketa inawaka kidogo lakini tyubu iko kimya, leta redio ndogo iliyowekwa kwenye MW mahali pasipo na stesheni na uisogeze mpaka sentimita 30 kutoka kwenye koili. Redio ikikoroma au kutoa mlio mkali unaobadilika unapozungusha rezista, osileta inafanya kazi na tatizo liko upande wa tyubu au koili ya pili. Redio ikiwa kimya, osileta haitetemi, na sababu ya kawaida kabisa ni kwamba koili ya mrejesho imegeuzwa: badilisha ncha zake mbili na ujaribu tena.

Tyubu ikishawaka vizuri, ondoa balbu ya indiketa na uweke mita mahali pake, ikiwa kwenye upande wa amperi 10 za DC. Rekebisha mpaka isome kati ya amperi 0.5 na 0.6, ambayo ni wati 6 hadi 7 kutoka betri. Kusukuma zaidi ya hapo huongeza mwanga kidogo tu huku transista ikichemka, na mimi ningeishia amperi 0.5 kwa taa ya kila siku. Baada ya dakika 10, zima na uguse bati la kupozea: liwe na uvuguvugu ambao mkono unauvumilia bila shida. Usijaribu kupima volti za tyubu kwa mita ya kawaida. Volti na masafa ya upande huo si ya kipimo chake, na mita inaweza kuharibika.

Kasoro zinazojitokeza

Tyubu inayoonyesha mwanga unaojisokota ndani kama nyoka kwa kawaida inapata umeme mdogo, au ni mpya na itatulia baada ya kuwaka saa kadhaa. Tyubu inayong'aa upande mmoja na kufifia upande mwingine inaonyesha kwamba umeme unapita zaidi kwa mwelekeo mmoja, jambo ambalo ni tabia ya osileta ya transista moja. Dawa yake ni kuweka kapasita ya nanofaradi 10 inayohimili volti 2,000 kwenye waya mmoja wa tyubu, na kuigeuza tyubu ncha kwa ncha mara moja moja.

Ncha zinazoingia weusi haraka ndiyo gharama halisi ya njia hii. Tyubu inayoanzishwa bila kupashwa moto hupoteza sehemu ya madini ya nyaya zake kila inapowashwa, na weusi ule ndio madini hayo yaliyoruka yakaganda kwenye kioo. Kwa sababu hiyo taa hii inafaa mahali inapowashwa jioni na kuzimwa wakati wa kulala, wala haifai chooni au stoo ambako huwashwa na kuzimwa mara nyingi kwa siku.

Betri

Betri ya risasi ya volti 12 na amperi-saa 7, ukiitumia hadi nusu tu kama inavyotakiwa, ina amperi-saa 3.5 za kutumia, na kwa amperi 0.6 hizo zinatosha karibu saa 6. Pima volti zake taa ikiwa inawaka: zikishuka hadi 11.5, zima, kwani betri ya risasi inayokaushwa mara kwa mara hufa ndani ya miezi. Ikiwa betri inachajiwa na sola wakati taa inawaka, volti zinaweza kupanda hadi 14.4 na umeme unaoingia kwenye sakiti utaongezeka, hivyo fanya marekebisho ya mwisho ya rezista betri ikiwa katika hali hiyo.

Tyubu ikivunjika, na tyubu kubwa zaidi

Tyubu ikivunjika, fungua madirisha, watoe watu chumbani kwa dakika 15 hivi, kisha kusanya vipande kwa karatasi ngumu na unga uliobaki kwa selotepu, uvitie vyote kwenye chupa yenye mfuniko. Usifagie, kwa kuwa ufagio hutawanya zebaki hewani. Tyubu zilizokufa zisichomwe moto wala kutupwa kisimani au shimoni karibu na maji; zitunze zikiwa nzima ndani ya boksi mpaka upate anayepokea taka za umeme.

Sakiti hii hii huweza kuwasha tyubu ya futi mbili ya wati 18, ila kwa mwanga hafifu, kwani nguvu inayotoka haizidi ile ya tyubu ndogo. Kama inasita kuanza, ongeza koili ya pili hadi mizunguko 450 kwa tabaka la tatu lililofunikwa kwa selotepu, na uhakikishe ukanda wa alumini unapita urefu wote wa tyubu.